Mvua Tuliyoisingizia

Jumatatu, 2 Novemba 1970

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza daftari hili. Tutaona nani atakayechoka kwanza.

Daftari la kazi liko mezani kwa Dakta Akana, na humo tunaandika volti na saa. Hili ni la yale yasiyo na volti. Kwa mfano, banda letu hapa bondeni Palolo lilijengwa na jeshi wakati wa vita, na paa linavuja mahali panne. Nimetega makopo manne. Rufino akasogeza moja kwa mguu ili apitishe kiti chake, akaliacha hapohapo, na maji yakadondoka sakafuni kutwa nzima huku yeye akipiga mluzi. Huyo ndiye fundi wetu wa redio. Juu ya meza yake kuna nyaya, makombo ya wali, na soksi. Soksi moja.

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Machi. Wakubwa wa Washington wakiridhika na kazi yetu, itaendelea. Wasiporidhika, banda litafungwa na mimi, Hatsue Morikubo, mwenye miaka thelathini na minne na cheti cha umeme nilichokisotea jioni baada ya jioni, nitarudi kwenye kiwanda cha mananasi. Misimu tisa nilisimama pale nikichokoa macho ya mananasi, asidi inapenya glavu na kula vidole. Naandika haya mapema ili baadaye nisijifanye sikuwa na hofu.

Alhamisi, 5 Novemba

Amekuja fundi wa paa, Bwana Kealoha. Hakuziba hata tundu moja kwa sababu Dakta Akana alimshika. Dakta ni mtu mnene, huvua viatu mlangoni na kushinda peku, na akipata msikilizaji mpya hamwachi.

"Kompyuta kuu iko kule chuoni, sawa?" akamwambia. "Wanaoitaka wako visiwani, mbali. Nyaya hatuna, na simu zetu unazijua."

"Nazijua. Yangu hulia nikiwa naoga tu."

"Basi kila mtu tunampa mashine ya kuchapa, kisanduku na redio. Akiandika, kisanduku kinafunga maneno yake kifurushi, kinayarusha hewani. Kompyuta ikiyapata, inajibu: nimepata."

"Na wawili wakirusha pamoja?"

"Vinagongana. Vyote vinaharibika."

"Ehe! Halafu?"

"Halafu kimya. Kisanduku kikiona hakuna jibu, kinangoja kidogo, kinarusha tena."

"Na zamu anapanga nani?"

"Hapangi mtu."

Bwana Kealoha akanigeukia mimi. "Dada, huyu mzima? Mimi nina watoto saba. Mezani kwangu ndivyo tunavyoongea, wote kwa mpigo."

"Na wanashiba?" Dakta akauliza.

"Wanashiba."

"Basi."

Mimi moyoni nilikuwa upande wa fundi. Vyuo vya bara, ng'ambo ya bahari, vimeshamcheka Dakta, na sikuona kosa lao. Kazi isiyo na zamu ni vurugu tu. Lakini mshahara ni mshahara, nami najenga ninachoambiwa nijenge.

Jumapili, 15 Novemba

Nimempigia mama kisiwani Kauai. Kambini kwao, kambi ya wafanyakazi wa mashamba, bado nyumba nne zinatumia laini moja ya simu, na kila Jumapili lazima Bi Medeiros wa nyumba ya tatu ainue mkono wa simu katikati ya maneno yetu.

"Ah, mnaongea?" anasema.

"Tunaongea, Bi Medeiros," anasema mama. "Lakini kama una haraka..."

"Nina haraka!"

Na mama akampisha, kama kawaida. Nimeambiwa nipige tena baada ya robo saa. Kwa Bi Medeiros, kungoja ni kazi ya watu wengine.

Jumanne, 24 Novemba

Mvua. Kopo la tano.

Ijumaa, 11 Desemba

Imefanya kazi, na nilivyo mbishi naona aibu kuandika.

Kisanduku cha kwanza alikijenga Rufino kabla sijaajiriwa. Ukikifungua utadhani kuku amejenga kiota. Cha pili nimekijenga mimi. Rufino alikipeleka changu Waipahu, upande wa pili wa kisiwa, mimi nikabaki na chake hapa. Tukashikilia simu.

"Dada Rula, uko tayari?" Ndivyo anavyoniita, kwa sababu ya rula ninayotembea nayo.

"Niko tayari tangu asubuhi. Wewe ndiye uliyechelewa."

"Moja, mbili, tatu!"

Tukabonyeza pamoja. Vifurushi viligongana hewani, taa nyekundu zikawaka, huku na kule. Kisha kabla sijapumua, yangu ikageuka kijani. Nikamsikia Rufino anapiga ukelele kwenye simu: na yake imepita. Tulirudia mara hamsini. Mara hamsini viligongana, mara hamsini vikapishana vyenyewe bila mtu kuvipangia. Dakta alicheza peke yake katikati ya makopo. Nikajikuta nacheka. Sijui kwa nini nilicheka, lakini nilicheka.

Jumatatu, 4 Januari 1971

Barua imefika kutoka Washington. Bwana Ellsworth Thayer atakuja tarehe 23 Februari. Anataka kuona visanduku viwili vikirusha kwa mpigo mara ishirini mfululizo. Vikishindwa, anaandika, basi "itakuwa busara kufuata mpango wa zamu kama wenzenu wa bara," na banda la Palolo halitakuwa na kazi tena. Dakta alisoma mara mbili, akala zambarau zake kavu za chumvi, mbegu akazitema kwenye kopo langu la maji.

Mimi nikawazia jambo moja tu. Bwana huyo atafungua vifuniko, maana watu wa aina yake hufungua vifuniko. Ndani ya kimoja ataona kazi yangu, na ndani ya kingine ataona kiota cha kuku. Nimeomba ruhusa nikijenge upya cha Rufino.

"Kinafanya kazi," Rufino akasema.

"Kinatia aibu."

"Aibu haionekani kwenye redio, dada."

Dakta akainua mikono. "Jenga, Hatsue. Usikiharibu tu."

Nikiharibu? Mimi?

Jumatatu, 18 Januari

Nimemaliza. Wiki mbili.

Kiwandani msimamizi wetu Bi Freitas alitembea na rula ndogo ya bati. Kipande cha nanasi kikizidi au kupungua upana wa ukucha, alikirudisha na kukutaja jina mbele ya meza nzima. Mwaka wa kwanza nilitajwa kila siku. Mwaka wa tatu alianza kuwaleta wageni kwenye meza yangu waone. Hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kule, ukiacha makovu.

Basi nimefanya hivyohivyo. Rezista, vipande vidogo vinavyozuia umeme, zinapotoka dukani zimeandikwa namba moja, lakini ukizipima hii imezidi na ile imepungua. Nilipima mia mbili, moja baada ya nyingine, nikachagua zinazolingana kabisa. Visanduku vyote viwili sasa ni pacha. Sindano ya mita haitofautishi. Masalia nimeyatupia kwenye kopo la kahawa, na Rufino ameniambia nina ugonjwa.

Jumatano, 20 Januari

Haifanyi kazi.

Alhamisi, 21 Januari

Haifanyi kazi. Akibonyeza mmoja peke yake, kijani. Tukibonyeza pamoja, nyekundu, halafu nyekundu, halafu nyekundu, mpaka Dakta azime umeme. Mvua kubwa sana. Dakta anasema maji yameingia kwenye waya wa antena kilimani.

Jumatatu, 25 Januari

Rufino amepanda mlingoti, amebadilisha waya. Nyekundu.

Ijumaa, 29 Januari

Amepanda tena, amefunga viungo vyote kwa mpira. Nyekundu. Dakta amemwandikia Bwana Thayer kwamba mvua za mwaka huu si za kawaida. Ni za kawaida. Palolo hunyesha hivi kila mwaka, ndiyo maana migomba yetu inaingia madirishani.

Nina wasiwasi usioniacha nikae. Nakifungua kisanduku, nakitazama, nakifunga. Kisafi. Kila kiungo kinang'aa. Kosa haliko kwenye kisanduku changu.

Jumatatu, 1 Februari

Nyekundu. Nimeota harufu ya nanasi.

Alhamisi, 4 Februari

Rufino ameanguka.

Alipanda mara ya tatu, mvua ikiwa inamwagika, kwa sababu Dakta alisema labda ni kikombe cha juu kabisa kinachoshika waya, na kwa sababu mimi nilisema, naandika maneno yangu kama nilivyoyasema, "Safari hii ukaze vizuri, siyo kama unavyokaza vitu vyako." Akateleza futi nane. Angezidi kidogo angeingia korongoni. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika.

Nilikwenda hospitali na matonge mawili ya wali na nyama ya kopo, nimeyafunga vizuri kwa mwani. Mama yake alikuwa pale, mwanamke mdogo mwenye vidole ninavyovifahamu. Sikuhitaji kumuuliza amefanya kazi wapi. Tulitazamana mikono, tukacheka kidogo.

"Rufo anasema wewe ndiye fundi kuliko wote pale," akaniambia.

"Anasema hivyo?"

"Kila siku. Kuna binti wa mananasi, anasema, mama, kazi yake ungeilamba."

Rufino akafumba macho akajifanya amelala. Mtu mwenye soksi moja mezani. Tulipobaki wawili akasema, "Samahani, dada. Nadhani ni mimi. Kuna kitu nimekifunga vibaya mahali, siku zote huwa ni mimi."

Nilimwambia apumzike.

Jumanne, 9 Februari

Jua. Tangu asubuhi hakuna wingu hata moja, bonde limekauka mpaka vumbi. Dakta alikuwa wa kwanza kwenye simu, mwanafunzi wake yuko Waipahu kwenye kisanduku cha pili. Moja, mbili, tatu.

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.

Dakta alikaa sakafuni. "Basi ni wazo lenyewe," akasema. "Walinicheka, na walikuwa na haki. Lazima kuwe na zamu."

Miezi mitatu iliyopita ningefurahi kusikia hayo. Leo niliumia. Nilikuwa nimeviona vikipishana vyenyewe, mara hamsini, kwa macho yangu. Nimetambua leo kwamba nataka kazi hii ifanikiwe hata kama hawataniajiri mimi. Hapana, naongopa. Nataka yote mawili.

Jumapili, 14 Februari

Lazima niandike polepole, nisiruke hatua.

Nilimpigia mama. Laini mbovu, sauti inachelewa kufika. Nikasema, "Mama, mvua..." na yeye hapohapo akasema, "Mwanangu, je..." Sote tukanyamaza.

"Sema wewe," nikasema, na yeye akasema, "Sema wewe."

Tukanyamaza. Nikangoja kama nilivyofunzwa, pumzi moja. Nikaanza. Naye akaanza. Tukanyamaza. Mara ya nne mama alishikwa na kicheko.

"Bibi yako alitufundisha vizuri mno," akasema alipoweza. "Mimi na wewe tuna adabu moja na tunangoja sawasawa. Tutagongana hadi Pasaka! Afadhali Bi Medeiros. Yule sijawahi kugongana naye hata siku moja, hajui kungoja."

Nikaacha simu imening'inia. Mama anasema alinisikia nikitembea.

Ndani ya kila kisanduku kuna rezista moja inayoamua kingoje muda gani kabla ya kurusha tena. Kile cha Rufino kilijengwa kwa chochote kilichoangukia mkononi mwake, kwa hiyo kilingoja pungufu kidogo kuliko changu, na katika hicho kidogo kikapita kwanza. Kisha nikaja mimi na mita yangu. Nikapima mia mbili. Nikachagua mbili zinazolingana kabisa. Sasa vikigongana, vyote vinangoja nusu sekunde, ileile, bila kupungua wala kuzidi, vinarusha pamoja na vinagongana tena. Havitapishana milele. Mvua tumeisingizia, na Rufino amevunjika mkono akitafuta kosa langu.

Kitu kisafi kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza ndicho kilichotuangusha.

Jumatatu, 15 Februari

Leo ni siku ya mapumziko na banda lilikuwa tupu. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa na ufunguo. Rezista moja tu, ya kwenye kopo la kahawa, dakika tano. Hakuna ambaye angejua. Dakta angeshukuru jua, Rufino angejilaumu maisha yake yote, na mimi ningebaki fundi ambaye kazi yake ungeilamba. Nilishika pasi ya kuchomea nyaya mpaka ikapoa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dakta akishinda bila kujua sababu, visanduku vingine ishirini vitakuja mezani kwangu, nami nitavitengeneza pacha ishirini. Nikaenda nyumbani kwake. Alikuwa bustanini na magimbi yake, matope hadi magotini.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza akasema, "Wiki nne, Hatsue. Wiki nne nimegombana na Mungu juu ya mvua yake."

"Ndiyo, Dakta."

"Na mkono wa yule kijana."

"Ndiyo."

Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki, na sikusogea. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa haniangalii tena, alikuwa anatazama juu ya kichwa changu.

"Lakini basi wazo si bovu," akasema taratibu. "Ilimradi visifanane. Kila kimoja kingoje muda wake, na muda wenyewe usitabirike. Hatsue! Sikupata kuliwaza hilo. Nilidhani kungoja ni kungoja tu." Akanishika mabega kwa mikono ya matope. "Nenda ukaharibu. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu uende kwa Rufo."

Rufino alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa tayari kwa lolote. "Yaani," akasema, "uchafu wangu ndio uliokuwa unatubeba?"

"Ndiyo."

"Sema tena. Mama! Njoo usikie hii!"

Nilisema tena, mbele ya mama yake. Halafu nikalia, na yeye kwa mkono wa kushoto akanipa leso ambayo afadhali nisiielezee.

Alhamisi, 18 Februari

Inachosha kujenga ovyo. Mkono unakataa. Nafumba macho, naingiza vidole kwenye kopo la kahawa, na kinachotoka ndicho ninachochomea, bila kupima. Mara mbili nimejishika nikichagua. Rufino amekaa pembeni na bandeji yake ananisimamia kama Bi Freitas: "Umechungulia, dada. Rudisha."

Kijani.

Jumanne, 23 Februari

Mvua tangu alfajiri, ya kutisha. Bwana Thayer aliingia na viatu vilivyojaa maji. Mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyecheka.

Nilikaa kwenye mashine. Rufino yuko Waipahu, kidole cha kushoto tayari. Moja, mbili, tatu. Nyekundu, kisha kijani. Bwana Thayer aliweka alama kwenye karatasi. Mara ya pili. Ya tano. Mara ya tisa nyekundu ilikaa, ikakaa, na nikasikia harufu ya nanasi puani kabisa, mchana mweupe. Kisha kijani. Ya kumi na mbili. Ya kumi na saba. Paa lilivuja juu ya karatasi yake, akaisogeza bila kusema. Mara ya ishirini ilipopita, Rufino alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika bila simu.

"Nani anapanga zamu?" Bwana Thayer akauliza.

"Hapangi mtu," Dakta akasema.

Kisha, kama nilivyojua toka mwanzo, akaomba bisibisi. Akafungua kifuniko. Akainamia ndani kwa muda mrefu. Rezista zimekaa upande, moja ya kahawia, moja ya kijivu, moja imesimama kwa mguu mmoja. Kiota cha kuku. Nilihisi Bi Freitas amesimama nyuma yangu na rula yake ya bati, na meza nzima imenyamaza ikingoja jina.

"Ni nani," akasema, "aliyejenga hii ovyo namna hii?"

Dakta alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi," nikasema. "Na ilinichukua msimu mzima kuweza."

Jumatatu, 1 Machi

Barua imekuja: kazi inaendelea, visanduku ishirini, fundi H. Morikubo. Mvua bado. Nimeliweka kopo la kahawa katikati ya meza, nimeandika juu yake kwa herufi kubwa USIPANGE, na herufi zenyewe nimezipima kwa rula.